Diski ya breki ya baiskeli: nene ya kipande kimoja au nyepesi ya mashimo mengi?

Diski mbili ziko juu ya meza yangu ya kazi hapa Nakuru. Zote ni za milimita 160, zote zina matundu sita ya bolti, na zote zinaingia kwenye habu ileile, yaani kitovu cha gurudumu. Ukizitazama kwa haraka utasema ni ndugu. Ziinue mkononi ndipo utajua. Moja ina uzito wa kutosha, duara lake la nje ni pana na matundu yake ni machache. Nyingine imechongwa mawimbi ukingoni, imetobolewa kama kichujio cha chai, na mikono inayoshika duara ni myembamba kiasi kwamba nikiibonyeza kwa kidole gumba duara lote linayumba.

Kijana anayeleta maziwa mjini kutoka upande wa Njoro ndiye aliyenifanya nizitoe zote mbili.

"Fundi, niwekee hii ya mawimbi. Ndiyo ya kisasa, sivyo?"

"Unabeba mitungi mingapi, kijana wangu?"

"Miwili. Ya lita ishirini ishirini."

"Basi ngoja kwanza, tuongee."

Tuliongea karibu saa nzima, na mengi niliyomwambia ndiyo haya. Siku hizi baiskeli za mtumba zenye breki za diski zimejaa, kuanzia hapa hadi Kibuye pale Kisumu, na watu wengi wanachagua diski kwa macho. Diski ni kipande cha chuma chenye unene wa milimita mbili hivi, lakini ndicho kinachoamua kama utasimama kabla ya ng'ombe anayevuka barabara au baada yake.

Mzigo ambao diski inaubeba

Chukua boda ya baiskeli: mwendeshaji, abiria, baiskeli yenyewe na kikapu cha samaki. Tuseme jumla ni kilo 160, gurudumu ni la inchi 26, na unabana breki kwa nguvu ya kawaida, si ya kushtuka. Pale tairi linapogusa barabara panahitajika nguvu sawa na uzito wa kilo 50 hivi. Lakini padi, vile vibamba vinavyobana diski, hazishiki tairi. Zinashika diski ndogo iliyo katikati, na kadiri unavyokaribia katikati ndivyo nguvu inavyolazimika kuongezeka, kama mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba. Kwa diski ya 160, zile kilo 50 zinakuwa karibu 225 kwenye padi, ikiwa breki moja inafanya kazi yote. Kwa diski ya 180 zinashuka hadi karibu 200.

Nguvu hiyo inapita kwenye mikono ya diski hadi kwenye bolti sita zilizo kwenye duara la milimita 44. Pale kwenye bolti, hesabu inafika karibu kilo 750, yaani 125 kwa kila bolti. Ndiyo maana bolti moja ikilegea, nyingine tano zinateseka.

Halafu kuna joto. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo linatua kwanza kwenye diski. Zile kilo 160 zikisimamishwa kutoka kilomita 30 kwa saa zinatoa joto la kutosha kupandisha diski ya gramu 110 kwa nyuzi 100 hivi, kama diski moja italibeba lote kabla upepo haujalichukua. Hiyo ni kusimama mara moja tu. Ukishuka mlima ambao kilele chake kimeizidi tambarare kwa mita 200, nishati unayopaswa kuimaliza inatosha kuchemsha lita nzima ya maji ya mfereji. Upepo na matairi vitachukua sehemu, na diski ziko mbili, lakini ukumbuke kwamba ile sufuria ya maji umeibandika juu ya vipande viwili vya chuma vyepesi kuliko simu yako. Na kutoka ukingo wa volkeno ya Menengai hadi mjini Nakuru mteremko ni karibu mara mbili ya huo.

160 au 180

Hapa sina wasiwasi. Kwa mtu anayebeba mzigo kwenye vilima, 180 mbele. Inakupa asilimia 12 hivi ya nguvu zaidi kwa mkono uleule unaobana, ina chuma kingi zaidi cha kupokea joto, na eneo kubwa zaidi la kupigwa na upepo. Kinachoongezeka ni gramu chache na adapta, kipande cha kusogeza kalipa, ile koleo inayoshika padi. Lakini angalia foku kwanza, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele. Mtengenezaji wa foku huweka kikomo cha ukubwa wa diski, na foku nyingi nyepesi za mtumba ziliundwa kwa 160 tu. Usilazimishe.

Vitabu vingi vya baiskeli vitakuambia breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, na ya nyuma inaweza kuwa ndogo. Ni kweli kwa mtu anayeendesha bila mzigo. Sisi tunaweka mitungi, abiria au gunia la mahindi juu ya keria, na uzito wote uko juu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo haliinuki wala halitelezi upesi, kwa hiyo breki ya nyuma inafanya kazi kubwa kuliko wanavyofikiri walioiandika ile kanuni. Diski za nyuma zinazoletwa kwangu zikiwa zimebadilika rangi, manjano halafu kahawia halafu buluu, nyingi ni za wabeba mizigo. Kama fremu inaruhusu, weka 180 pande zote mbili. Za 203 zipo pia, na ni nzuri sana, ila foku na fremu zinazozikubali ni chache katika mtumba wetu.

Na kama unaishi Nyalenda au Ahero, safari zako ni tambarare na hubebi kitu kizito? 160 inakutosha kabisa. Pesa inayobaki nunua padi nzuri.

Unene, jambo ambalo watu hawaliulizi

Kila mtu ananiuliza ukubwa. Unene ni nadra mtu kuuliza, na mimi ndio ninaoutazama kwanza.

Diski nyingi za Shimano zikiwa mpya zina unene wa milimita 1.8, na mwisho wake ni 1.5. Huhitaji kukariri, imechapwa kwenye diski yenyewe, tafuta maandishi madogo yanayoanza na "MIN". Za Magura huanza na 2.0, na zinatakiwa kutolewa zikifika 1.8. Ona tofauti: unene ambao kwa mmoja ni mwanzo, kwa mwingine ni mwisho. Kila diski ifuate maandishi yake.

Kwa nini vijisehemu vya milimita vinahesabiwa hivyo? Kwa sababu ugumu wa bamba dhidi ya kupinda haupungui sambamba na unene. Unapungua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Duara la 1.8 likiliwa hadi 1.5, limebaki na asilimia 58 tu ya ugumu wake wa kupinga kupinda kando. Na diski ya 2.0 ina ugumu wa theluthi moja na zaidi juu ya ile ya 1.8. Kwa mkono huwezi kuhisi tofauti ya unene huo. Breki inaihisi.

Kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu sana sisi. Baiskeli nyingi zinazofika kwangu zina breki za waya, na kalipa nyingi za waya husogeza padi moja tu. Padi ya nje inaisukuma diski hadi igonge padi ya ndani ambayo haisogei. Maana yake, kila unapobana breki diski inapindishwa kidogo kando, kisha inarudi. Fanya hivyo mara mamia kwa siku, kwenye diski nyembamba yenye joto, na siku moja haitarudi mahali pake. Kwenye breki za mafuta padi mbili hukutana katikati, na diski haipati mateso hayo. Kwa hiyo mwenye breki za waya ndiye anayehitaji diski nene zaidi, na cha kusikitisha ni kwamba ndiye anayeuziwa nyembamba, kwa sababu ndiyo ya bei ya chini.

Ile ya zamani ya kijana wa maziwa niliipima mbele yake kwa venia, kile kipimo cha unene. Kwanza nilimwambia apitishe ukucha kutoka kwenye mkono wa diski kwenda kwenye njia ya padi. Ukucha ulishuka ngazi, tena ngazi ya kusikika. Venia ikasoma 1.3. Mikono ilikuwa bado 1.8, kwa sababu padi haziigusi. Kinacholika ni njia ya padi peke yake, na ndiyo maana diski iliyokwisha inaweza kuonekana nzima kabisa kwa mtu anayeitazama akiwa amesimama.

Mikono: iliyopinda au iliyonyooka, na ule mshale

Duara la nje linapopata joto linapanuka. Kwa diski ya 160 ikipanda nyuzi 200, kipenyo kinataka kuongezeka karibu theluthi moja ya milimita. Katikati, kwenye habu, chuma bado ni baridi na hakitaki kuongezeka chochote. Ikiwa mikono imenyooka kutoka katikati kwenda nje, haina pa kutoa nafasi, na duara linatafuta njia ya kando: linajikunja kama sahani. Mikono iliyolala kwa mshazari au iliyopinda inaruhusu duara lizunguke kidogo sana na kupanuka bila kuondoka kwenye bapa lake. Kwa hiyo ule mpindo si urembo. Ukiona diski ya bei rahisi yenye mikono minne minene iliyonyooka kama spana, iache.

Lakini mkono wa mshazari una upande wake. Shika rula ya plastiki uivute kwa ncha mbili: haitafanya kitu. Isukume ncha kwa ncha: inapinda. Mkono wa diski ni hivyohivyo. Kulingana na upande ulivyolala, breki ikibanwa mkono huo unavutwa au unasukumwa, na anayeunda diski huupa upana na unene akijua ni lipi kati ya hayo mawili. Wako wanaotaka usukumwe, wako wanaotaka uvutwe, kwa hiyo usihukumu kwa jicho. Fuata mshale uliochapwa kwenye diski, uelekee gurudumu linakozunguka likienda mbele. Nimeshafungua diski kadhaa zilizofungwa kinyume. Mikono minene ilivumilia. Ile myembamba, mmoja ulikuwa umeanza kupinda pale katikati, umbo la herufi S ndogo.

Hapa ndipo ile diski ya mawimbi iliposhindwa mezani kwangu. Kwa mtu mwepesi anayeshindana kwenye vumbi, mikono yake inatosha. Kwa mitungi miwili, siiamini.

Mashimo

Mashimo yana kazi. Yanatoa maji na tope, yanakwangua uso wa padi, na yanapunguza uzito. Katika mvua ya Kakamega, inayokuja karibu kila alasiri majira yakifika, diski yenye mashimo ya kutosha inashika mapema kuliko isiyo na matundu. Hata ukingo wa mawimbi unasaidia kufagia tope.

Tatizo ni kuzidisha. Kila shimo ni chuma kilichotolewa, na chuma kilichotolewa hakipokei joto. Tena kila shimo ni mahali ambapo nguvu hujikusanya, hasa likiwa karibu na ukingo. Nyufa nilizowahi kuziona kwenye diski zilianzia kwenye tundu na kwenda nje. Kipimo changu ni rahisi: kati ya shimo na ukingo pabaki chuma kisichopungua upana wa shimo lenyewe. Si kanuni ya kiwandani, ni ya mezani kwangu, na haijaniangusha. Padi nazo zinalika haraka kwenye diski ya mashimo mengi, na vumbi letu la Nakuru, laini kama unga, linaongezea.

Kipande kimoja, vipande viwili, au mkate wenye siagi

Diski ya kipande kimoja imekatwa yote kutoka bamba moja la chuma cha pua kisichoshika kutu. Ya vipande viwili ina duara la chuma lililofungwa kwa ribiti kwenye kitovu cha aluminiamu. Ya tatu, ambayo Shimano hutengeneza, ina bamba la aluminiamu lililobanwa katikati ya tabaka mbili za chuma, kama siagi katikati ya mkate.

Sababu yake ni nzuri. Chuma cha pua hakisafirishi joto vizuri. Aluminiamu inalisafirisha mara nyingi zaidi. Kwa hiyo diski hiyo hupoa haraka. Lakini aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na ule ukuta wa chuma juu yake ni mwembamba. Mtu anayebadilisha padi kwa wakati na kupima diski yake atafurahi nayo. Mtu anayeendesha hadi padi ziishe na bamba la nyuma lianze kusaga diski, na hao ndio wengi wa wateja wangu kwa sababu ya hali ya mfuko, ataila ile ngozi ya chuma na kukutana na siagi. Kwa mzigo na bajeti zetu, kipande kimoja cha chuma kitupu. Kikipinda kidogo naweza kukinyoosha kwa spana ya mdomo mwembamba. Ribiti ikilegea, diski ya vipande viwili inaanza kucheza, na sina cha kuifanyia.

Chuma chenyewe na padi zake

Ukiona kwenye diski pameandikwa kwa Kiingereza "resin pad only", elewa kwamba chuma chake ni laini na kinataka padi za resini peke yake. Ukikiwekea padi za chuma kitaliwa upesi mno. Diski nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Zinafaa mjini. Kwa tope la Vihiga, kwetu, ninakokwenda kila Desemba, padi za resini zinaisha haraka mno wakati wa mvua. Pale nataka diski ya chuma kigumu na padi za chuma, hata kama zinapiga kelele asubuhi. Kwa nje diski ya chuma laini na ya chuma kigumu zinafanana, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa.

Bolti sita au kufuli la katikati

Kufuli la katikati ni mtindo wa Shimano: diski ina meno yanayoingia kwenye habu, kisha nati moja kubwa inakazwa kwa nyutoni mita 40. Ni safi, ni haraka, na haina bolti ndogo za kupotea. Lakini bolti sita zinafunguliwa kwa kifaa cha nyota T25, ambacho kila duka la vifaa linacho, na diski zake ziko kila mahali. Baiskeli ikikuharibikia Chavakali jioni, utapata wa kukusaidia. Hata mwenye habu ya kufuli la katikati anaweza kununua adapta na kufunga diski ya bolti sita. Kinyume chake hakiwezekani.

Nilijifunza ukali wa bolti mwenyewe. Mwaka mmoja nilibadilisha diski jioni, taa imepotea, nikakaza kwa mkono nikisema nitamalizia kesho. Kesho yake nilipanda Menengai na kusahau. Nikiteremka, kila nikigusa breki nilisikia "tok", na nikiachia, "tok" tena. Nilidhani ni bearingi. Nilisimama kando ya barabara nikakuta diski inacheza kwenye bolti zake, na matundu mawili yameanza kuwa marefu kama yai. Diski ile niliitupa siku hiyohiyo. Tangu hapo nakaza kwa kuruka, bolti moja kisha ile inayoielekea, gundi ya kuzuia bolti zisilegee juu, na mteja harudi barabarani kabla sijapitia zote mara ya pili.

Ya mtumba au mpya

Fremu ya mtumba, sawa. Kalipa ya mtumba, sawa ukiijaribu. Diski ya mtumba nainunua tu nikiwa na venia mkononi. Ipime sehemu nne, ilaze juu ya kioo uone kama inakaa bapa, itazame matunduni dhidi ya mwanga kama kuna ufa. Rangi ya buluu kwenye mikono, si kwenye njia ya padi tu, inasema joto lilipita mpaka. Ukishainunua, isafishe kwa spiriti isiyo na mafuta ndani yake, na usiiguse kwa mkono uliotoka kwenye mnyororo. Oili ya injini iliyotumika, ambayo wengi hupaka mnyororo, ikirukia diski imeua padi. Na usimwagie maji diski iliyotoka mlimani ikiwa moto. Iache ipoe na upepo.

Yule kijana hakuchukua ya mawimbi. Alichukua ya 180, nene, ya kipande kimoja, kwa mbele; foku yake ilikuwa inaruhusu. Nyuma nilimfungia ile 160 nzito iliyokuwa mezani, kwa sababu adapta ya kusogeza kalipa hadi 180 sikuwa nayo. Nilimwambia ashuke polepole mpaka mzunguko wa pale shuleni na kurudi, abane na kuachia mara ishirini bila kufunga gurudumu, ili padi mpya zikubaliane na diski. Aliporudi nilikaza tena zile bolti kumi na mbili, akafunga mitungi yake na kuondoka. Adapta inakuja Jumanne na basi la kutoka Nairobi.